Miti Milioni Moja na Nusu

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa Wanafunzi wa Zamani, mbele ya walimu na wanafunzi wa shule)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, Ndugu walimu, ndugu zangu tuliosoma hapa, na ninyi vijana mliokaa chini kwenye majani kwa kuwa viti tumevimaliza sisi tuliotangulia:

Kamati iliponiandikia iliniomba niseme juu ya wajibu wa Halmashauri zetu katika kurudisha misitu na vyanzo vya maji. Nilikubali kwa sharti moja, kwamba nisiseme juu ya mazingira kwa jumla. Juu ya mazingira kwa jumla watu wamekwisha kusema sana, na sijapata kumwona mtu aliyesimama mkutanoni akapinga. Jambo ambalo halina mpinzani aghalabu halina msimamizi. Mimi nataka kusema juu ya ahadi. Halmashauri inapoahidi kurudisha msitu, ahadi hiyo hukaa wapi? Imeandikwa katika karatasi gani? Na sisi ambao si madiwani tutajuaje kama imetimizwa?

Nitaanza na hesabu, na vijana wa kidato cha kwanza wanaweza kunifuata. Kila Halmashauri ya wilaya nchini imepangiwa na Serikali kupanda miti 1,500,000 kila mwaka. Ukipanda kwa nafasi ya mita 3 kwa mita 3, hekta moja huchukua miti kama 1,111. Basi miti 1,500,000 inahitaji hekta 1,350. Zile wilaya mbili tulizozijua zamani, Kasulu na Kibondo, leo zina Halmashauri 5: Kasulu Wilaya, Kasulu Mji, Kibondo, na Buhigwe na Kakonko zilizomegwa mwaka 2012. Halmashauri 5 ni miti 7,500,000, yaani hekta 6,750 kwa mwaka. Kwa miaka 10 ni hekta 67,500.

Ndugu zangu, msitu wa hekta 67,500 haufichiki. Ungesimama Heru Juu ukauona bila miwani. Sisemi kwamba miti haikupandwa. Imepandwa, na wengi wetu tumepiga picha tukiwa tumeshika jembe. Ninachouliza ni kwamba miti hiyo iko wapi.

Kitu cha kwanza nilichojifunza katika utumishi wa Serikali ni kusoma vichwa vya safu kabla ya kusoma tarakimu. Taarifa ya miti inaweza kuwa na safu ya miche iliyooteshwa kitaluni, safu ya miche iliyogawiwa, safu ya miche iliyopandwa, na mwisho kabisa safu ya miti iliyostawi. Tarakimu inayosomwa jukwaani inaweza kutoka katika safu yoyote kati ya hizo, na msikilizaji hawezi kujua. Katika Halmashauri moja, mbali na hapa, ambayo sitaitaja, niliona taarifa ambayo safu ya mwisho ilikuwa na kistari kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Nilipouliza niliambiwa kwamba kuhesabu miti iliyostawi kunahitaji mafuta ya pikipiki, na mafuta hayakuwamo katika kasma. Jibu lile halikuwa la uongo. Fedha ya kuotesha miche ilikuwapo, fedha ya sherehe ilikuwapo, lakini fedha ya kurudi kutazama haikuwapo. Ahadi ya Halmashauri ile ilifikia mwisho wake siku ya sherehe, na aliyetaka kujua hivyo hakuhitaji kwenda msituni. Angesoma bajeti tu.

Na hiyo siku ya sherehe nayo ina neno. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni tarehe 1 Aprili. Kwa wenzetu wa pwani, ambao masika yao ndiyo yanaanza, ni tarehe nzuri. Sisi wa nyanda za juu za Kigoma mvua zetu huanza Oktoba au Novemba na kwisha Mei. Mche unaoingia ardhini tarehe 1 Aprili unapewa majuma sita ya maji, kisha unaambiwa usubiri miezi mitano ya jua. Mkulima wa Kibondo hapandi mahindi Aprili akategemea kula. Kwa nini tupande mninga kwa kalenda ambayo hatuitumii kwa mahindi? Halmashauri haikatazwi na mtu yeyote kufanya sherehe Aprili na kupanda Novemba.

Lakini hata tukipanda Novemba, bado nadhani tunaanza mahali pasipo mwanzo. Pori letu ni la miombo, na miombo hairudi sana kwa mbegu. Hurudi kwa visiki na kwa mizizi. Mtundu uliokatwa huchipua kutoka kwenye kisiki chake mvua ya kwanza tu ikinyesha. Mninga una tabia ya ajabu zaidi: mche wake hukauka juu kila kiangazi, ukadhani umekufa, lakini mzizi unabaki hai na kuzidi kunenepa mwaka hata mwaka, na baada ya miaka mingi ya namna hiyo, mzizi ukishakuwa na nguvu za kutosha, ndipo unaporusha shina linaloweza kushinda moto. Anayehesabu miche kitaluni hawezi kuuona mninga huo. Uko chini ya miguu yake.

Maana yake ni kwamba mahali ambapo visiki bado viko hai, kazi kubwa si kupanda. Kazi kubwa ni kuzuia mambo mawili: moto kichaa wa Agosti hadi Oktoba, na jembe linalong'oa kisiki. Mwenye kuchoma mapema, Mei au Juni, majani yakiwa bado na unyevu, moto wake hupita chini na kuacha chipukizi. Moto wa Septemba hauachi kitu. Kazi hii ya kuzuia haina picha. Hakuna mgeni rasmi anayealikwa kuja kutazama moto ambao haukuwaka. Ndiyo sababu Halmashauri nyingi huipenda miche, na mimi siwalaumu sana, kwa kuwa mche unaweza kuhesabiwa, kukaguliwa na kuandikiwa hati ya malipo.

Wazee waliopo hapa wanajua kwamba hili si jambo la vitabuni. Mwaka 1972 Operesheni Kigoma ilipowatoa watu wetu kwenye miji yao iliyotawanyika juu ya vilima na kuwaweka katika vijiji vya kando ya barabara, nyuma yalibaki mahame. Nendeni mkatazame mahame yale ambayo hayakurudiwa kulimwa. Miti imesimama, na hakuna Halmashauri iliyoipanda. Kwa kweli Halmashauri zenyewe hazikuwapo: zilifutwa mwaka huohuo wa 1972, zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982, na kuanza kazi tena mwaka 1984. Nadhani pengo lile la miaka 12 limetuachia kilema ambacho hatukitaji. Misitu iliyokuwa chini ya mamlaka za wenyeji ilipoteza mwenyewe, na ziliporudi Halmashauri hazikukuta desturi ya kulinda. Zilikuta desturi ya kusubiri agizo kutoka juu.

Hapa nataka kumtendea haki mzee mmoja ambaye hayupo lakini namsikia akiguna. Yeye atasema: "Kijana, unalisifu pori. Sisi tulilipiga vita pori." Naye ana haki. Katika miaka ya 1930 watu wa Buha walihamishwa na kukusanywa pamoja kwa sababu ya malale. Pori lilikuwa ndorobo, na ndorobo walikuwa kifo cha mtu na ng'ombe. Hata leo anayelima karibu na pori la Moyowosi hazungumzi juu ya nyani na nguruwe kama anavyozungumza mtalii. Kwa hiyo Halmashauri inayokwenda kijijini na kusema "acheni pori lirudi" bila kusema pori lipi, mpaka wapi, na mahindi ya mwananchi yatalindwaje, haitasikilizwa, na haistahili kusikilizwa.

Jirani zetu wa Shinyanga walilipata jibu lao. Huko miti ilikwisha: serikali ya kikoloni iliifyeka kuua ndorobo, pamba ikafyeka iliyobaki, na vijiji vya miaka ya 1970 vikavunja utaratibu wa ngitili, yaani sehemu za malisho ambazo kila mwaka hufungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Ulianza kwa kuotesha miche, kama sisi. Baadaye ndipo walipotambua kwamba njia rahisi ni kurudisha ngitili. Mradi ulipokwisha mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudi, nyingi kwa kufungwa tu, miti ikichipua yenyewe. Tena aliyekuwa akizilinda si Bwana Misitu. Zililindwa na mabaraza ya wenyeji na sungusungu, kwa faini ambazo wananchi walizipanga wenyewe. Msukuma hakuambiwa apende miti. Aliambiwa atakuwa na majani ya ng'ombe mwezi wa Septemba.

Sasa tuje kwenye karatasi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Namba 20 ya mwaka 2004, inaitaka kila mamlaka ya serikali za mitaa iwe na ofisa wa mazingira na itayarishe mpango wake wa mazingira kwa eneo lake. Uingereza walitunga sheria yao mwaka 2021, ikitaka kila eneo liandike mkakati wa kurudisha viumbe na mimea yake, na magazeti yao yakaisifu kama jambo jipya. Sisi tuliwatangulia kwa miaka 17. Sijui kama tucheke au tulie. Tanzania pia iliahidi mwaka 2018, katika mpango wa nchi za Afrika, kurudisha hekta 5,200,000 za ardhi iliyoharibika ifikapo mwaka 2030. Hekta hizo hazipo Dodoma wala Dar es Salaam. Zimo katika vijiji kama vyetu, na hakuna atakayezirudisha isipokuwa kijiji na Halmashauri yake.

Nasema kijiji kwa makusudi. Misitu yetu ina wenyewe wengi. Makere ni hifadhi ya Serikali Kuu, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu; Diwani anaweza kulalamika juu yake lakini si yeye mwenye ufunguo. Ule mgogoro wa Kagera Nkanda, ambao mwaka 2017 Serikali ilikubali kumega sehemu ya Makere Kusini ili wananchi walime, ulitufundisha wote kwamba mpaka usio na ridhaa huhamishwa, na kwamba mwananchi asiye na shamba hana subira na ramani. Lakini ardhi ya kijiji ni habari nyingine. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, Mkutano Mkuu wa Kijiji unaweza kutenga msitu wake, kuutungia sheria ndogo, na kijiji kikatoza ushuru wa mazao yake. Sheria ndogo hiyo haina nguvu mpaka Baraza la Madiwani liipitishe. Hapo ndipo nawaomba mtege sikio. Kijiji kinaweza kukaa, kubishana, kukubaliana, kuandika muhtasari, kupeleka makao makuu ya wilaya, na karatasi ile ikalala katika jalada mvua mbili, tatu. Wakati huo wote, anayekamatwa na mkaa katika msitu wa kijiji hawezi kutozwa faini. Mkitaka kuijua Halmashauri inayotimiza ahadi, msiulize imepanda miti mingapi. Ulizeni imepitisha sheria ndogo ngapi za vijiji, na kila moja ilikaa mezani muda gani.

Karatasi ya pili ni bajeti. Kila Diwani nchini anajua kwamba asilimia 10 ya mapato ya ndani ni ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu: 4, 4 na 2. Mwamshe saa nane za usiku, atakutajia. Anajua kwa sababu sheria imetaja kiasi. Sasa, Halmashauri hutoza ushuru wa mkaa, wa mbao, wa asali. Nani hapa anaweza kuniambia ni kiasi gani cha fedha hiyo kinarudi katika pori lililotoa mkaa huo? Mimi napendekeza, na nimelisema hili katika vikao vya kazi yangu, kwamba Baraza litaje kiasi, hata kiwe kidogo, na fedha hiyo isiende kwenye viriba vya miche. Iende kwa walinzi wa moto wa Mei na Juni, na kwa mafuta ya pikipiki ya yule anayekwenda kuhesabu.

Walinzi tunao. Kibondo ni nchi ya asali, na mrina asali mwenye mizinga 50 msituni anayo sababu ya kuuchukia moto wa Septemba kuliko afisa yeyote. Mpeni msitu mwenye mizinga.

Siwezi kupita bila kutaja wakimbizi, maana nikinyamaza mtasema naogopa. Sisi tuliosoma hapa miaka ya 1990 tuliwaona wakiingia kutoka Burundi mwaka 1993, kisha kutoka Kongo mwaka 1996 ilipofunguliwa Nyarugusu. Mtabila ilifungwa mwaka 2012. Nduta na Mtendeli zikafunguliwa upya baada ya machafuko ya Burundi ya mwaka 2015. Mtendeli ikafungwa mwaka 2021. Mahali pa watu maelfu kwa maelfu wanaopika kila siku, kuni hukatwa, na miti ilikatwa kweli. Lakini si haki kuwafanya wageni wetu kuwa maelezo ya kila kisiki. Tumbaku yetu hukaushwa kwa kuni. Matofali yetu huchomwa kwa kuni. Na watu wa Mkoa wa Kigoma, ambao katika hesabu ya mwaka 1978 hawakufika 700,000, walikuwa 2,470,967 katika sensa ya mwaka 2022. Neno langu juu ya kambi ni dogo na la kiofisi: kambi inapofungwa, Halmashauri idai ramani ya eneo lote lililokatwa kuni, si orodha ya mabati na matangi tu.

Na maji je? Mito yetu, Ruchugi ukiwa mmoja wao, hupeleka maji Malagarasi, na pamoja na Muyovozi ndiyo inayolisha ile ardhioevu ya hekta 3,250,000 ambayo mwaka 2000 iliandikishwa kuwa ya kwanza nchini chini ya Mkataba wa Ramsar. Dunia inalijua bonde. Chemchemi za vilimani zinazolilisha zinajulikana na akina mama wanaochota tu. Sheria ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa, na sheria ya maji ya mwaka 2009 inaruhusu chanzo cha maji kitangaziwe eneo la hifadhi. Katika mita hizo 60 mnajua tunalima nini: mabonde ndiyo maharage ya kiangazi na mboga, ndiyo ada za shule za baadhi yenu mnaonisikiliza. Kwa hiyo kumwambia mama atoke mabondeni kesho si kazi ya dakika moja. Anahitaji shamba lingine kwanza. Lakini kupanda mikaratusi juu ya chemchemi na kuiandika katika safu ya "miti ya kuhifadhi vyanzo vya maji", hilo halihitaji shamba lingine. Linahitaji kuachwa tu.

Nimalize na shule yetu, kwa kuwa kuinyoshea kidole Halmashauri ni rahisi ukiwa umesimama mbali. Serikali iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa kufikia tarehe 31 Januari 2024, na mkakati wa taifa uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Asubuhi nimepita jikoni. Sitasema nilichokiona, ninyi mnaokula hapo mnakijua. Jiko la gesi au la umeme kwa shule ya ukubwa huu ni fedha nyingi kwa Mkuu wa Shule peke yake, lakini si fedha nyingi kwa chama cha watu tuliojaa viti vyote hivi. Ndugu Mwenyekiti, naomba jambo hili liingie katika ajenda ya mchana, kabla ya fulana za mkutano.

Kwa vijana nina ombi la kazi. Mikutano ya Baraza la Madiwani kwa kawaida iko wazi kwa wananchi. Mwalimu wa Uraia awapeleke wachache, mkae nyuma kimya na daftari. Sikilizeni taarifa ya mazingira ikisomwa, mwandike ni safu gani iliyosomwa. Kisha mrudi hapa mtazame miche iliyopandwa na shule: mhesabu iliyo hai mwezi wa Mei, mhesabu tena Oktoba, na mwaka utakaofuata Oktoba tena. Na katika lile bonde nyuma ya mabweni, kabla ya kupanda chochote, tafuteni visiki vilivyo hai, mviwekee alama ya rangi, na mfyeke njia ya moto kuvizunguka.

Kamba ya mita 60 nimekwisha kuinunua. Iko kwa Mwalimu wa Jiografia, na wanaotaka kwenda kupima tutaondoka saa kumi, jua likipoa.